Siku Niliyotangaza Kwamba Kipuri Kiko Sawa

Bado nina hasira, na mtu asiniambie nitulie, maana hadi leo nikipita pale kanisani Gumbo kina mama huangaliana wakacheka, nami hujifanya naongea na simu.

Mimi ni fundi wa vipimo (nilisomea Nakuru, tulikokulia ukimbizini kabla ya kurudi nyumbani), na karakana yetu ina mashine ya kuchapa vyuma: inatandaza unga wa chuma, inauyeyusha kwa leza tabaka juu ya tabaka, mpaka kipuri kinatokea. Pampu ya kanisa ilikufa, tukachapa gurudumu lake la ndani, lile linalosukuma maji. Nikalipima likiwa bado limeshikana na bamba la chini lilikochapiwa, likatoka sawa. Lakini chuma hiki hubaki na mvutano wa ule moto ndani yake, na ukishakikata kutoka kwenye bamba kinaweza kujipinda kidogo tu, usione kwa macho. Ndiyo maana kilipokatwa nikamwambia bosi wangu, Injinia Wani, ngoja nipime tena.

"Mafi mushkila," akasema kwa Kiarabu, yaani hakuna shida, "ulishapima. Pasta anangoja."

Na mimi, mjinga wa kupindukia, nikapanda gari.

Pampu ilipofungwa Wani akanipa maikrofoni (maikrofoni, jamani, ya nini?) niongee na waumini, nami nikatangaza kwamba kipuri nimekipima mwenyewe na kiko sawa kabisa, wakapiga vigelegele, pampu ikawashwa, ikaanza kusaga chuma kwa chuma, ikatetemeka mpaka mpira wa maji ukachomoka na tope lote likamwagikia kanzu nyeupe ya pasta, na mimi pia.

Mama Keji, wa kwanza kwenye foleni ya madumu, akaniuliza polepole, "Binti, ulipima na nini?"

Kabla sijajibu Wani akaninyooshea kidole. "Huyu ndiye aliyepima."

Damu ikanichemka. Kipuri kilipofunguliwa nikakiweka mezani mbele ya wote, kikayumba, maana kilikuwa kimejipinda. "Nilikuomba nipime tena," nikamwambia.

Pasta akajipangusa uso. "Na kusema kiko sawa," akaniuliza, "ulilazimishwa na nani?"

Kina mama wakabeba madumu matupu kwenda kungoja gari la maji.

Tulichapa kingine, tukakipasha moto tanurini kutoa ule mvutano, tukakikata, nikakipima upya, maji yakatoka. Wani hajaniomba msamaha mpaka leo. Lakini neno "sawa" halitoki tena kinywani mwangu kabla kipuri hakijakatwa na kupimwa, na mwenye haraka achukue vernia, kile kipimo changu cha unene, apime mwenyewe.