Salamu Iliyovuka Ruzizi

Usumbura ya Bernardine haikuwa na nyumba. Ilikuwa mji wa sauti tupu. Alikuwa akitwanga mpunga uani kwake Kasenga, mchana ukiwa umelala juu ya ziwa na milima ya Urundi imefifia ng'ambo kule, na mji ule ukimjia wenyewe: gitaa, vigelegele, ngoma zinazoongea kwa mbali, gramofoni inayorudia neno moja kwa sababu sindano imechoka. Alikuwa hajawahi kufika. Aliujenga kwa yale waliyosimulia madereva wa kamyo waliokuja kununua mchele, na madereva, tunawajua, kuku akivuka barabara wao husema wamegonga nyati. Hata hivyo aliwaamini. Katikati ya zile sauti zote alikuwa akitafuta moja tu, ya dada yake mkubwa, yaya Concilie.

Hapo lazima nieleze kidogo, maana si kila mtu amelelewa na Warundi wa bonde la Ruzizi. Kule Lubarika, alikozaliwa Bernardine, wanawake wawili waliopoteana siku nyingi hawakutani kwa "habari gani, nzuri," halafu kila mtu na njia yake. Ah, hapana. Wanashikana mikono, mmoja anaanza kwa kuimba, anauliza amani ya watu wote wa nyumbani: wazazi kwanza, ndipo mume, watoto, shamba, ng'ombe, mpaka mbuzi. Mwenzake anapokea chini kwa chini, sauti zinaingiliana hata hujui ipi ya nani. Huitwa akazehe. Mkubwa huanza, mdogo hupokea, na ikishaanza haikatwi. Ukiulizwa juu ya mtu, unajibu humohumo, ndani ya wimbo.

Concilie alikuwa ameolewa Buyenzi, mtaa wa Waswahili wa Usumbura, na fundi cherehani Mwislamu. Akaingia dini ya mumewe, akaitwa Mariamu. Tangu hapo mama yao hakulitaja tena jina lake. Na mama, mjane wa siku nyingi, alipofariki, masika iliyopita, kaka yao Venant akakataza habari isivuke mto. "Asiyekuwapo na lake halipo," alisema, na watu wazima na akili zao wakainamisha vichwa. Mimi methali hiyo naijua. Kwenye sahani ya ugali inafaa sana. Kwenye kifo cha mama ni ukatili. Lakini Venant ndiye mwenye ng'ombe, na mwenye ng'ombe hupewa na masikio ya watu. Mama akazikwa, na binti yake mmoja hana habari.

Bernardine naye alinyamaza. Alimlilia mama, akarudi Kasenga kwa mumewe na kinu chake. Aliona aibu kwenda na aliona aibu kutokwenda. Mchana alipoota mji ule, alimwona yaya amesimama mlangoni, amenyoosha mikono, anaanza: mama yuko? Na yeye hana pumzi ya kujibu.

Mambo yakawa hivyo mpaka mwaka wa hamsini na sita, baada ya Pasaka, kwaya ya parokia ilipopewa siku moja ya matembezi Usumbura. Mwalimu Libérat, mwenye kuifundisha kwaya, kijana mwembamba anayetembea kana kwamba daima anahesabu mapigo, alisimama mbele yao baada ya mazoezi.

"Kamyo iko moja," akasema, "lakini tukifika, njia ziko mbili. Wenye kupenda historia watabaki na Mompere, padri wetu, mu kamyo. Wataona boma la zamani la Wajerumani, halafu wataenda mpaka Mugere ku lile jiwe, pale Wazungu wawili wa zamani walipolala. Wenye kupenda miziki watashuka na minye, mwalimu wenu, tutembee kwa miguu mu mitaa."

"Mpaka Usumbura kuangalia jiwe?" mama mmoja akauliza. "Huku kwetu ku Kalundu mawe yamekwisha?"

Wakacheka. Hakucheka Marie-Jeanne, mkubwa wa ba mama wa parokia, mwanamke mpana mwenye moyo mwema na uso wa mtoza kodi. "Minye nachagua jiwe," akasema. "Mama wa parokia hawezi kutembea mu Buyenzi na kusikiliza mambo ya baa."

Bernardine alikuwa tayari ameshachagua jiwe. Ndiyo, jiwe. Lilikuwa na faida moja kubwa: lilikuwa mbali na Buyenzi. Angevuka Ruzizi, angesema amefika Usumbura, na moyo ukimsuta angeuambia kwamba kamyo haikupita kule. Mtu akitaka kujidanganya hakosi usafiri.

Lakini Libérat alikuwa bado anaeleza. "Tutasikia magitaa. Tutasikia ngoma. Na mwisho tutapita kwa ba mama wenye kuimba ku ndoa. Mukubwa wao iko Mariamu, bibi ya fundi cherehani, karibu na musikiti. Wanasema sauti ile ilitoka huku kwetu, mu bonde."

Bernardine alisikia masikio yakiwaka moto. Akainua mkono kabla hajajua anauinua. "Minye nitaenda na ya miziki."

"Weye?" Marie-Jeanne akageuka mwili mzima. "Weye hata ku arusi unasimama mbali na ngoma."

"Nitasimama mbali vilevile, mama."

Siku yenyewe alikaa nyuma kabisa ya kamyo, miguu imebanwa na vikapu vya wenzake. Kavimvira ikapita, matete yakapita, maji ya Ruzizi yakapita chini ya daraja, mazito, rangi ya chai ya maziwa. Kila kitu kilipita kama katika usingizi wa mtu mwenye homa. Wenzake waliimba, naye alifungua mdomo bila kutoa sauti. Alikuwa akitafuta maneno ya kumwambia yaya kwamba mama hayupo, maneno yanayoweza kuimbwa, na hakuyapata. Alimwogopa yaya. Aliogopa zaidi kwamba yaya angefurahi kumwona.

Mji ukaja, na kumbe ulikuwa na nyumba. Kamyo ikaenda zake na Mompere na Marie-Jeanne na watu wa historia, na wale wachache wa miziki wakamfuata Libérat. Sitaki kukuongopea kwamba Bernardine aliona mengi. Kijana mmoja alikuwa amekaa juu ya kreti akipiga gitaa, macho amefumba. Gramofoni iliimba kutoka duka la vitambaa na wateja walipima vikwembe vya kujifunga wakicheza mabega. Watoto waliwafuata wakipiga makopo, na hata makopo yalikuwa yanapatana. Ilikuwa kama mji wote umeambiwa wimbo mmoja na kila nyumba imepewa kipande chake. Alitembea humo akielea. Kama mtaa ule ungekuwa mrefu zaidi, angeshukuru.

Lakini ukaisha. Nyuma ya msikiti, kwenye baraza ambako fundi alikuwa akishona kwa cherehani, wanawake walikuwa wamekaa kwenye mkeka wakijaribu wimbo wa ndoa, na aliyewaongoza akanyamaza katikati ya neno. Alikuwa amenenepa. Ushungi mweupe, hina mikononi. Uso ulikuwa uleule.

Libérat alianza kujitambulisha kwa adabu zote. Hakumaliza. Concilie alisimama, akampita kana kwamba ni nguzo, akaja mpaka kwa Bernardine, akamshika mikono juu ya viwiko.

Kisha Concilie akaanza. Sauti ilipanda juu ya bati na ukuta wa msikiti, na yule wa gitaa, mtaa mzima nyuma, akaacha kupiga. Bernardine akafumba macho. Sasa, akawaza. Sasa ataulizwa.

Yaya aliuliza amani ya mumewe. Bernardine akapokea. Akauliza watoto, mpunga, mvua ya Kasenga. Akauliza Venant na ng'ombe wa Venant. Bernardine alipokea kila kitu, na kila pumzi alingoja jina lile lije, na halikuja. Yaya aliuliza mbuzi. Salamu ikashuka, ikatulia, ikaisha, na wazazi, wanaoulizwa kabla ya wote, hawakuulizwa. Hakuna mtu anayemruka mama aliye hai.

"Ulijua," Bernardine akasema.

"Nilijua. Wauza mihogo waliniambia sokoni, wiki ileile." Concilie hakuiachia mikono yake. "Nililia humu ndani, mlango umefungwa. Halafu nikangoja. Nilimwambia mume wangu, atakuja mudogo wangu kuniambia."

"Nimechelewa, yaya."

"Umechelewa." Alipouliza, sauti yake ilikuwa ndogo kuliko ya mdogo wake. "Alinitaja?"

Bernardine angeweza kusema neno jepesi. Yule fundi alikuwa amesimamisha cherehani, wanawake wote walikuwa wakimtazama, na neno jepesi lilikuwapo mdomoni. Akalimeza.

"Siku ya mwisho alinishika hivi," akasema, "akaanza kusalimia. Akazehe yote, kwa ile sauti iliyobaki. Minye nikapokea. Akanisukuma. Akasema, siye weye. Niitie mukubwa wako."

"Na hamukuniita."

"Hatukukuita."

Concilie aliiachia mikono yake. Alimwendea mumewe, akasema naye maneno machache, akaingia ndani, akatoka na kikwembe cha pili begani.

"Kamyo yenu iko na nafasi?" akamwuliza Libérat.

Ilikuwa nayo. Marie-Jeanne, aliyerudi kutoka Mugere amechoka na jua, aliutazama ule ushungi, akamtazama Bernardine aliyevimba macho, akasogeza makalio yake. Concilie akakaa.

Njia nzima hakuna aliyeimba. Walipofika darajani jua lilikuwa limeinama, maji yamenyamaza. Concilie aliinamisha kichwa kuelekea Lubarika, kwa Venant na ng'ombe wake, kwa mama mchangani, akaanza kuimba. Hakuanza kama mkubwa. Alipokea ile salamu ya siku ya mwisho, chini kwa chini, kama mtoto anayesalimiwa na mama yake, akiacha nafasi baada ya kila jibu kwa swali lililofuata.