Kiangazi Tulichopandisha Udongo Kilimani

Hadi leo nikisikia harufu ya baruti, hata ya fataki za sikukuu, narudi Nanganga, mwaka ule wajenzi wa barabara walipoondoka na kutuachia kilima kilichochunwa ngozi. Ilikuwa miaka ya mwisho ya utawala wa Mwingereza. Walikuwa wamepasua mawe na kuchota changarawe mpaka upande mzima wa kilima ukabaki mweupe, bila jani, na chini yake ndipo lilipokuwa shamba letu la muhogo na karanga. Masika yaliyofuata yalishusha mchanga na kokoto, nusu ya shamba ikafukiwa. Baba akasema imetosha, tutahamia Makote, kule juu Newala, kwa kaka yake. Mama hakupandisha sauti. "Kule maji yanafuatwa bondeni, mtu anapanda nayo mlima kichwani. Nipe kiangazi hiki tu, Baba Somoe." Somoe ndiye mimi. Baba akafikiri, kisha akasema, "Haya. Lakini mvua ikifukia tena, tunafunga mizigo."

Kiangazi kile sijaona kingine mfano wake. Mama alimwendea jirani yetu, Mama Yohana, ambaye shamba lake lilipakana na letu, na haukupita muda wanawake wa pale wakawa wanapanda kilimani na majembe. Sisi watoto tuliokota mawe yaliyoachwa na wajenzi, wanawake wakayapanga kukata mteremko, ukuta mfupi juu ya mwingine, kama ngazi pana. Kisha ikaanza kazi iliyowachekesha wapita njia: kuuchota udongo ulioporomokea shambani na kuurudisha juu. Tuliubeba kwa vikapu, kwa ungo mbovu, hata kwa kanga. Jua lilichoma, vumbi lilijaa mdomoni, nasi tulipanda tukishindana mbio kama waendao ngomani. Mchana tulikula ming'oko, vile viazi vya porini vya kwetu, huku Mama Yohana akituhimiza, "Kuleni upesi, kilima kina njaa kuwashinda ninyi." Mawingu yalipoanza kujikusanya, tukapandikiza nyasi za mtoni nyuma ya kuta, tukafukia mbegu za mbaazi na za korosho.

Mvua ilishuka alasiri, nzito, na hakuna aliyebaki ndani. Tulikimbilia kilimani tukiwa tumelowa chapachapa, moyo ukinidunda kwa hofu na furaha pamoja. Ukuta wa kwanza ulizuia maji. Wa pili ukazuia. Kisha ule wa chini, uliopakana na shamba letu, ukafumuka katikati, na maji mekundu yakaanza kupenya. Mama alikaa kwenye pengo akaegemeza mgongo, Mama Yohana akakaa ubavuni mwake, nami nikajibana katikati yao, maji yakinipiga mgongoni. Ndipo nikamwona Baba akipanda mbio na kitu kipana kichwani. Ulikuwa mlango wa nyumba yetu. Aliung'oa akauleta. "Sogeeni," akasema, akaukita kwenye pengo, nasi sote tukauegemezea mawe na magogo. Maji yakasita, yakatanda nyuma yake, yakaanza kutua tope. Yaliyovuka yalivuka taratibu. Wanawake wakapiga vigelegele ndani ya mvua, na Mama akamtazama Baba, akauliza, "Sasa leo tutalalaje bila mlango?" Baba akacheka mpaka akakaa chini kwenye matope. Habari ya Makote hakuitaja tena.

Mbaazi zilitangulia kuota, kisha nyasi zikashikana, na mikorosho ikafuata polepole. Nilipoolewa Masasi mjini, upande ule wa kilima ulikuwa na kivuli cha kulaza mtoto. Mwaka jana nilialikwa kutazama upandaji miti kwenye machimbo mengine ya mawe, si mbali na mjini. Miche ililetwa kwa lori, imenyooka vizuri kwenye vifuko vyake, vijana wakaipanda kwa mistari, wakapigwa picha, wakaondoka. Niliporudi kiangazi, mingi ilikuwa imekauka. Sikuwalaumu, walifanya kazi kwa bidii, na vifaa walivyokuwa navyo sisi hatukuviota hata ndotoni. Nilimuuliza tu msimamizi wao aliyekuja kuikagua, kijana mpole aliyeniamkia vizuri, shamba lililo chini ya kilima kile ni la nani. Akageuka kulitazama kama ndiyo kwanza analiona. "Kwa kweli, bibi," akasema, "hatukuuliza."