Moshi wa Banda la Shikanga

Shikanga hakuwa na kitu cha kujivunia isipokuwa fahali. Shamba lake nyuma ya soko la Khayega lilikuwa ekari moja na nusu: mahindi kidogo, migomba, na kibanda cha mkewe Awinja cha kuanikia mboga za kuuza. Baba yake alipiganisha mafahali, na babu yake pia. Yeye hakuwahi kushinda hata mara moja, hadi mwaka 1993 alipomnunua ndama mweusi mwenye shingo nene, akamwita Serikali.

"Mbona Serikali?" nilimuuliza siku alipomleta achanjwe.

"Kwani nani atampiga, daktari?"

Sikuwa daktari. Nilisomea afya ya mifugo chuoni miaka miwili, nikaletwa Khayega kuchanja ng'ombe na kukagua nyama katika kichinjio kidogo cha soko. Lakini huko kila mwenye koti jeupe ni daktari.

Shikanga alimjengea Serikali banda la udongo lenye kuta zilizofika hadi kwenye paa, bila dirisha. Fahali wa kupigana, alisema, hapaswi kuonwa na kila jicho, na akikaa gizani hutoka na hasira. Kila jioni aliwasha moto wa kinyesi kibichi na majani ya mkaratusi kwenye pembe ya banda ili kufukuza nzi na mbu, kisha akafunga mlango. Ukipita barabarani ungeuona moshi ukijipenyeza polepole kwenye nyasi za paa.

"Wewe mwenyewe humalizi dakika mbili humo," Awinja alimwambia mbele yangu. "Unatokanga ukilia kama umefiwa."

"Ng'ombe si mtu."

"Na wewe ungekuwa mtu, ungemwachia mlango wazi."

Niliingia siku moja, nikatoka nikijipangusa macho. Nilimwambia atoboe dirisha. Akasema ataliangalia jambo hilo. Sikurudi kuona kama amelitoboa. Nilikuwa na vijiji kumi na kimoja na baiskeli moja, na fahali yule alikuwa amenona, manyoya yanang'aa.

Serikali alishinda mapigano manne. Kisha, mapema mwaka 1996, Masinde, ndugu wa Shikanga kwa baba, alisimama kwenye ua unaotenganisha miji yao akamsikiliza yule fahali kwa muda mrefu.

"Ndugu yangu," alisema, "huyu anakohoa kama mzee wa kanisa. Mpumzishe mwaka huu."

Shikanga aligeuka akaingia bandani. Lakini maneno yale aliyaweka moyoni.

Pambano lilikuwa Jumamosi ya mwezi wa nane, asubuhi na mapema kama kawaida, umande bado kwenye nyasi na ngoma za isukuti zimekwisha kuwasha uwanja. Serikali aliingia vizuri. Alifungana pembe na fahali wa Shinyalu, akamsukuma nyuma hatua kama ishirini. Kisha akafungua mdomo. Ulimi ukatoka, mbavu zikaanza kwenda juu na chini, na sauti ya pumzi yake ikasikika hata pale nilipokuwa nimesimama. Hakupigwa. Aligeuka tu, akaondoka akitembea.

"Serikali imekimbia!" mtu alipiga kelele, na uwanja mzima ukacheka. Naibu wa chifu alijifunika mdomo kwa kofia.

Shikanga alisimama na kamba mkononi. Angeweza kunyamaza. Badala yake aliwageukia wapiga ngoma akasema, "Ni Masinde aliyemroga. Alikitaja kifua chake. Mimi nilimsikia."

Kufikia saa sita jina la Masinde lilikuwa ndani ya wimbo. Kufikia Jumatano migomba yake ilikuwa imekatwa yote, na mawe yalikuwa yakirushwa juu ya bati lake mchana kweupe. Watoto wake waliitwa wana wa mlozi hadi wakakataa kwenda shule. Mwisho wa mwezi Masinde alifunga mlango, akaihamishia familia yake Likuyani, kulima mahindi katika shamba la shemeji yake.

Serikali aliendelea kukonda. Mwezi wa kumi Shikanga alimuuza kwa mchinjaji, na asubuhi ya kuchinjwa alikuja kichinjioni akasimama karibu na meza yangu.

"Nionyeshe alichokitia Masinde humo ndani, daktari. Hata kama ni unywele. Nataka niwaonyeshe watu."

Mapafu ya ng'ombe mzima huwa na rangi ya waridi hafifu, mepesi, yanarudi ukiyabonyeza. Haya yalikuwa ya kijivu, yametapakaa madoa meusi kama wavu, na chini yalikuwa magumu kama ini. Nilipoyakata, ute mzito uliochanganyika na weusi ulitoka kwenye mirija. Nilikata kipande cha sehemu ngumu nikakitia kwenye ndoo ya maji. Pafu zima huelea. Kile kilizama.

Nilipaka ule weusi kwenye kidole nikamwonyesha.

"Hii ni nini?" aliuliza.

"Masizi."

"Ya wapi?"

Nilimweleza tu kwamba chembe za moshi ni ndogo sana, huingia na pumzi zikabaki, na kwamba kifua kilichokwisha kuchoka hivyo hakikawii kupata maradhi. Aliendelea kukitazama kidole changu.

"Kila jioni," alisema mwishowe. "Miaka mitatu."

Jumamosi iliyofuata alikwenda uwanjani bila fahali, akawaomba wapiga ngoma wanyamaze.

"Masinde hakufanya kitu," alisema. "Ni mimi. Ni moshi wangu. Daktari ameyapasua mapafu nikaona kwa macho."

Bibi mmoja aliyeketi mbele akauliza kwa sauti, "Moshi? Mimi nimezaliwa kwenye moshi, nimepika kwenye moshi miaka sitini. Mbona sijakimbia uwanja?"

Walicheka hadi wengine wakashikana mabega. Bibi alipomaliza kusema hivyo alikohoa kwa muda, akatema pembeni, akacheka nao.

Nilijaribu kusema. Mlevi mmoja akaniuliza Masinde alinipa kuku wangapi. "Amerogwa hata ulimi," mwingine alisema juu ya Shikanga, kwa huruma, na ngoma zikaanza tena. Wimbo ulikuwa uleule.

Mwezi wa kumi na mbili Shikanga alikwenda Likuyani. Alinisimulia safari hiyo mara moja tu. Alimkuta Masinde akipalilia, wakaketi kwenye kivuli cha ghala, mke wa Masinde akawaletea obusuma, ugali wa kwao, na mboga bila kumsalimu mgeni.

"Nimewaambia watu ni mimi," Shikanga alisema. "Nimewaambia uwanjani, mbele ya wote."

"Wakasema nini?"

Shikanga aliangalia sahani.

"Basi kula, ndugu yangu," Masinde alisema. "Safari ya kurudi ni ndefu."

Masinde alimaliza chakula chake, akanawa mikono, akachukua jembe akarudi kwenye mistari ya mahindi ya shemeji yake.