Mishale ya Chaki

Nikisugua ngazi za mawe kwa sabuni ya kipande, harufu ile hunirudisha kwenye Ijumaa moja nyumbani. Mama alitaka kila kitu kioshwe kabla ya Sabato kuingia, nami nikaosha hata mawe ya mgeni wetu, mtaalamu wa miamba, aliyekuwa ameyapanga barazani. Yalikuwa na mikunjo kama mchanga uliopitiwa na mawimbi. Kila jiwe alikuwa amelichora mshale wa chaki kuonyesha kaskazini, pale alipolitoa mlimani.

Mishale ikafutika yote. Nikachukua chaki yangu ya shule, nikayapanga mawe ili mikunjo ilingane, nikachora mishale mipya, yote upande mmoja ili ipendeze.

Mgeni aliporudi aliyatazama kwa muda mrefu. "Mama," alimwambia mama yangu, "hapa palikuwa na bahari zamani sana. Mawe haya yanatuambia maji yake yalitokea wapi, na yote yanakubaliana."

"Yalitokea wapi?"

Alipima mikunjo kwa kufuata mishale, akaandika daftarini. "Mashariki."

Mama akanigeukia. "Umesikia, mwanangu? Usisahau."

Sijasahau.