Kiti Kitupu Kwenye Treni ya Lyon

Jumamosi moja, jua limeshapanda, simu yangu ililia nikiwa nimechuchumaa kijiweni kwangu Misugusugu, nafungua gurudumu la bodaboda la mteja.

Namba ya nje. Mwanaume. Kiswahili safi cha Dar.

"Binti yuko wapi?" Hata salamu hakuna.

"Binti gani?"

"Usinichezee, mzee. Niko ndani ya treni, behewa la saba. Kiti chake kitupu."

Treni aliyoisema ni ile ya mwendo kasi, inayotoka uwanja wa ndege wa Paris kwenda Lyon. Mimi niko pembeni ya barabara ya Morogoro, mikono imejaa grisi.

Na tiketi ya kiti hicho niliinunua mimi.

Nikakata simu.

Naitwa Seifu. Shule niliachia darasa la sita, natengeneza pikipiki, siogopi mtu na siamini wachawi. Mdogo wangu Mwanamkuu anawaamini kwa niaba yetu wote. Yeye anaishi Kurui, Kisarawe, analima. Tunu ni binti yake wa pekee.

Aliyemwita Tunu Ulaya ni Fadhila, mzaliwa wa Kurui hiyo hiyo, binamu wa mke wangu Hamisa. Ana miaka mingi Lyon. Akija likizo anagawa kanga mpaka kwa watu wasiomjua. Alisema anataka mtu wa kumlelea watoto, mshahara mzuri. Akatuma mwaliko, viza ikatoka. Mwanamkuu akauza kipande cha mikorosho, akakata tiketi ya ndege ya kwenda na kurudi, maana ubalozi hautaki mchezo.

Ikabaki treni.

"Nunueni huko huko mapema, shemeji," Fadhila aliniambia kwenye simu. "Mkichelewa bei inapaa. Halafu nitumie picha ya tiketi, nione behewa na kiti."

"Kiti cha nini? Si utampokea stesheni?"

"Ni utaratibu wa huku."

Ukiwa hujawahi kupanda treni ya Ulaya, ukiambiwa utaratibu unanyamaza.

Nikaenda Maili Moja kwa Yahya, rafiki yangu mwenye duka la stationari. Tulihangaika na kompyuta yake mpaka shati likaganda mgongoni. Kadi yangu ya kulipia kwa simu ilikataliwa, ikakataliwa tena. Mwisho ikakubali.

"Subiri," Yahya akasema kabla hajabonyeza kuthibitisha. "Hii ya bei rahisi haibadilishwi siku, wala hela hairudi. Una uhakika anasafiri Jumamosi?"

"Mama yake ndiye kasema."

"Mama yake wa wapi?"

"Kurui."

Yahya akacheka. "Kamuulize tena."

Sikumuuliza. Nikamtumia Fadhila picha ya tiketi. Akajibu haraka: "Safi."

Alhamisi, siku mbili kabla ya hiyo Jumamosi, Mwanamkuu akanipigia. Nyuma yake nasikia matangazo ya uwanja wa ndege.

"Kaka, muage mpwa wako. Anaingia ndani."

"Anaingia wapi? Si Jumamosi?"

"Jumamosi ndiyo niliyowaambia watu."

"Mimi ni watu?"

"Wewe una mke. Mke ana ndugu."

Kwetu ndivyo tulivyo. Siku ya safari haitajwi. Unataja nyingine ili mwenye kijicho akija na mambo yake akute umeshaondoka. Lakini sijawahi kuona mtu anamficha mpaka anayekwenda kumpokea mgeni.

"Fadhila anajua?"

"Fadhila anaongea na bibi yake kila siku. Nikimwambia yeye, Kurui nzima itajua ndege haijaruka. Na wewe usimwambie mpaka mwanangu akanyage kwake."

"Mwanamkuu, hizo ni akili za wapi? Tiketi ya treni ni ya Jumamosi!"

"Mnunulie nyingine," akasema. Halafu akaanza kulia, na mimi kilio cha mdogo wangu sikiwezi.

Nikarudi kwa Yahya. Hakusema "nilikuambia", lakini uso wake ulisema. Tukanunua ya Ijumaa, bei inauma, nikamtumia Tunu kwenye simu.

Yaliyofuata nimehadithiwa na Tunu mwenyewe.

Alifika Paris Ijumaa, akapanda treni yake, akashuka Lyon hana mtu wa kumpokea. Alikuwa na anwani tu. Akaonyesha dereva wa teksi karatasi, akapelekwa kwenye jengo refu pembeni ya mji, mapazia yote yamefungwa mchana.

Akagonga.

Mlango ulifunguliwa kidogo tu. Akachungulia dada mmoja mwembamba, jicho moja limevimba. Alipoona kanga ya Tunu, akaongea Kiswahili.

"Wewe ndiye wa Jumamosi?"

"Mimi ni Tunu. Natokea Kurui. Dada Fadhila yupo?"

"Wametoka. Nani mwingine anajua umefika?"

"Hakuna."

Yule dada akatazama ngazi, akashusha sauti. "Pasi yako unayo?"

"Ninayo."

"Ya kwangu wameichukua siku ya kwanza. Hakuna mtoto wa kulea humu ndani. Wanaume wanaletwa hapa. Ondoka."

"Twende wote, dada."

"Mimi wananijua kwetu. Wanamjua mama yangu anapolala. Wewe ondoka, na usishukie ngazi za mbele."

Mlango ukafungwa.

Tunu alinipigia kutoka stesheni, akanieleza yote. Nilimwambia asikae peke yake, akae karibu na mama mwenye watoto. Yahya akanunua tiketi ya kurudi Paris, ya tatu hiyo, akapambana na watu wa ndege mpaka wakambadilishia safari. Nafasi ya karibu ilikuwa Jumapili. Basi Jumamosi yote Tunu akawa pale uwanjani, anasubiri.

Ndiyo Jumamosi yule mwanaume alipopiga. Walipanga kumkalia pembeni toka mwanzo wa safari, asipate mtu wa kuongea naye njiani.

Nikafunga kijiwe, nikarudi nyumbani. Nikamweleza Hamisa yote niliyokuwa nimemficha kwa ajili ya undugu wake na Fadhila, kuanzia simu mpaka jicho la yule dada.

Nilitegemea atamtukana binamu yake. Hakutukana. Alikaa chini sakafuni, taratibu.

"Maua hayuko Mlandizi," akasema.

Maua ni binti yetu mkubwa. Wiki ile aliniaga anakwenda kwa shangazi yake Mlandizi.

"Yuko wapi?"

"Dar, kwa mama mdogo. Anasafiri Jumatatu. Kwa Fadhila."

Nikaichomoa simu mfukoni.

"Fadhila alisema nisikuambie," Hamisa akaendelea. "Alisema wewe mdomo wako haufungwi, utamwambia Mwanamkuu, na Mwanamkuu atamwonea Maua kijicho kwa sababu ya Tunu."

Nikampigia mama mdogo wa Dar.

"Maua?" akashangaa. "Alipanda ndege alfajiri ya leo. Alisema nyie mnajua, ila tusiongelee kwenye simu."

Hamisa alimfundisha mwanawe asimwambie mtu siku ya kweli. Mwanawe akashika somo. Hakumwambia hata yeye; aliyeijua ni Fadhila tu.

Simu ya Maua ilikuwa imezimwa. Yuko angani.

Yahya alitafuta ndege yake kwenye mtandao, akapata mlango atakaotokea. Nikampigia Tunu. Chaji ilikuwa inamwishia.

"Binamu yako Maua anashuka jioni hii. Kasimame hapo. Ukiona mtu anamsubiri, usimwonyeshe kama unamjua."

"Mjomba, naogopa."

"Na mimi. Nenda."

Tunu alivaa mtandio mpaka puani, akasimama. Mita chache kutoka kwake kulikuwa na mwanaume mweusi, koti zuri, anatazama picha kwenye simu, anatazama mlango. Akaipokea simu kwa Kiswahili. Cha Dar.

Maua akatokea anasukuma begi, anatabasamu kama mgeni wa harusi.

Tunu akamkata njia, akamgonga bega kama kwa bahati mbaya.

"Usisimame," akamwambia bila kumtazama. "Usigeuke. Nifuate."

Maua aliitambua sauti. Akafuata. Walikwenda moja kwa moja mpaka kwa askari wa uwanja, wakashika mkono wake wakaanza kulia, na lugha hawaijui.

Wamerudi wote. Anwani polisi waliichukua, wakaenda wakakuta vyumba vitupu, Fadhila naye hayupo. Yule dada wa mlangoni hatujui yuko wapi. Hata jina hatukumuuliza.

Sasa nisikilizeni, mimi sipambi maneno. Ficha safari yako kwa majirani ukitaka, ni tabia yetu na siwezi kuifuta. Lakini Fadhila alikulia kwetu, anaijua tabia hiyo kuliko mimi. Kila nyumba aliiambia iifiche nyumba nyingine, na sisi tukaona ni busara. Mtu akikwambia usimwambie hata baba wa mtoto, huyo ndiye wa kuogopwa. Tunu alipona kwa sababu mama yake alimficha mpaka Fadhila. Hiyo ni bahati, na bahati si mpango.

Juzi nilikuwa Kurui kwenye hitma. Mama mmoja akanivuta pembeni, akaniuliza kwa sauti ya chini tiketi za treni za Ulaya zinanunuliwaje.

Nikamuuliza nani anasafiri.

Akatazama huku na huku.

"Hakuna anayesafiri," akasema.