Bibi Dwarka na Mtoto Asiyekua

Bibi Dwarka wa kijijini kwetu ana ugomvi mmoja na mungu Rama, nao ni kwamba hakui. "Mtoto gani huyu," huwauliza wanawake kisimani, "kila mwaka anazaliwa, kila mwaka nambembeleza, na hajaota hata jino?" Wanawake hucheka, naye hujitwika mtungi wake na kuondoka kama mtu aliyedhulumiwa.

Ukimsikia utadhani amechoka na kazi hiyo. Lakini kila mwezi wa Chaitra, siku ya kuzaliwa Rama, yeye ndiye huwa wa kwanza kufika hekaluni, nywele bado zinadondosha maji, anaikagua susu ya mungu, kitanda chake cha kuning'inia, kama mama mkwe anayekagua jiko la bibi harusi. Minyororo imekazwa? Godoro limeanikwa? Mwaka mmoja alimrudisha nyumbani kuhani Vinayak akatafute kitambaa kingine, maana alicholeta kilikuwa na nyuzi za dhahabu, na nyuzi za dhahabu zinakwaruza. Kuhani akasema mtoto mwenyewe ni wa shaba. "Hata wewe ulizaliwa mgumu," Bibi Dwarka akamjibu, "na mama yako alikutafutia kitambaa laini."

Kamba ya susu aliirithi kwa mama mkwe wake. Saa sita mchana, jua likiwa utosini, kengele hupigwa, maua hurushwa, kuhani humlaza mungu kwenye susu, na Bibi Dwarka huvuta kamba akianzisha wimbo wa kubembeleza, sisi tukimwitikia. Baadaye hugawa tangawizi kavu iliyotwangwa ikachanganywa na sukari na nazi, chakula cha mzazi, na konzi ya kwanza huiweka pembeni kwa ajili ya Kausalya, mama yake Rama. "Wote mnamshangilia mtoto," husema. "Mama mtu hakuna anayemuuliza kama amekula." Zamani nilidhani ni mzaha tu. Mwaka huu, nikiwa na Shevanta wangu wa miezi minne, nimelielewa neno hilo vizuri.

Lakini mwaka huu Bibi Dwarka alikuwa mjane. Mzee Baban, mumewe, alifariki wakati wa mvua, bangili za mjane wake zikavunjwa, na kwetu kamba ya susu hushikwa na mwanamke mwenye mume. Hakuna aliyemwambia waziwazi. Walimpelekea tu tangawizi nyingi kuliko ya kila mwaka, na Indumati, mke wa mkuu wa kijiji, akasema kwa upole, "Bibi, safari hii wewe tusaidie kutwanga." Akaelewa. Akasema ni vizuri sana, mikono yenyewe ilikuwa inamuuma, na nani asiyechoka kubembeleza mtoto asiyekua. Kisha siku kadhaa hakuonekana kisimani.

Siku yenyewe alikaa kwenye kona ya hekalu na kinu chake, akitwanga kwa nguvu hata msimulizi wa hadithi ya kuzaliwa akapiga chafya katikati ya uchungu wa Kausalya. Mimi nilikuwa natunga maua, Shevanta amelala kwenye mkeka ubavuni mwangu. Jua lilipokaribia utosini, Indumati akaniita nje nikasaidie kubeba sinia za maua. Nikamwomba Bibi Dwarka aniangalizie mtoto. Akajibu, bila kuinua macho, kwamba kuangalia ndiyo kazi pekee waliyomwachia.

Niliporudi, watu walikuwa wamejaa hata mkeka sikuuona. Kengele zikalia, baragumu likapulizwa, kuhani Vinayak akatoka na mungu mikononi, amemfunika kitambaa. Indumati, bangili zikilialia, akaifunua susu. Sisi tukarusha maua kabla ya kutazama, kama kawaida yetu. Maua yakamwangukia Shevanta.

Alikuwa amelala humo, kwenye godoro la mungu. Akaamka, akatoa sauti iliyolizima baragumu. Kisha mzee mmoja huko nyuma akasema, "Mwaka huu kazaliwa wa kike," na hekalu zima likaangua kicheko, isipokuwa kuhani, aliyesimama na mungu wake hana pa kumlaza, na mimi, niliyetamani ardhi ipasuke niingie.

Nikaanza kujipenyeza nikamchukue. Indumati alikuwa keshashika kamba, na kwa hofu ya saa kupita akawa anaivuta harakaharaka, anaimba kwa sauti ya juu. Shevanta akazidi kulia.

"Unambembeleza au unapepeta mtama?" ikauliza sauti kutoka kwenye kona.

Kuhani akageuka, jasho linamtiririka. "Bibi, njoo."

"Mimi? Mimi niko kwenye tangawizi."

"Bibi Dwarka, tafadhali. Saa inapita."

Akajifuta mikono taratibu, kidole kwa kidole. Akasogea hadi karibu, akasimama. Hakuwa akimtazama kuhani, alikuwa akimtazama Indumati. Indumati akaiangalia kamba, akamwangalia mtoto, akainyoosha ile kamba kwake.

"Shika, Bibi," akasema. "Mimi nitaitikia."

Wimbo ulianzia chini, kama mtu anayesemezana na usingizi mlangoni. Alikuwa akivuta kidogo na kuachia, susu inarudi yenyewe. Shevanta akanyamaza, akayakodolea macho maua, kisha kope zikalegea. Kuhani akamlaza mungu miguuni pa mtoto, polepole, kwa kuogopa kumwamsha. Mwanamke mmoja akanong'ona jambo kuhusu mila. Kuhani naye akamnong'oneza, "Mila inataka mtoto alale. Amelala."

Niliona machozi yakimshuka Bibi Dwarka mpaka kidevuni. Baadaye alituambia ni tangawizi.

Watu walipoanza kutawanyika nilimchukua mwanangu. Nilipomlaza begani nikaona, mgongoni mwa kishati chake, alama za vidole vya unga wa tangawizi, kiganja kizima. Nikamtazama Bibi Dwarka.

"Watoto wa siku hizi," akasema, akinimiminia kiganjani, "wanatambaa mapema."

"Shevanta hajajua hata kukaa, Bibi."

"Ndiyo maana nikasema mapema. Kula, mzazi."

Ilikuwa ile konzi ya kwanza, ya Kausalya. Nikala. Kisha nikamfunika Shevanta mgongo kwa upindo wa sari yangu, maana Indumati alikuwa anakuja upande wetu. Nikamwambia Bibi, kwa sauti ya chini, kwamba mwakani mwanangu atakuwa anatembea, susu ile haitamtosha.

Bibi alikuwa akimtazama mke wa mtoto wa Indumati, aliyesimama mlangoni anakula ukwaju mbichi, tumbo bado dogo chini ya sari.

"Yule," akauliza, "anajifungua lini?"