Jina la Mama Yake Fundi

Mimi si mtu wa kuamini mambo haya. Uliza yeyote aliyesoma nami chuo kikuu. Mchungaji akija hosteli kutuombea, mimi ndiye niliyemuuliza amejuaje kwamba maombi yamefika. Kwa hiyo nikikuambia kwamba haya yalinitokea, mchana, nikiwa sijanywa chochote isipokuwa chai ya majani ya kahawa, naomba usicheke kabla sijamaliza. Nikimaliza, cheka utakavyo.

Nilizaliwa Gatina, Kawangware, katika ploti ya vyumba kumi na viwili vinavyotazamana, mfereji mmoja katikati. Mama yangu alitoka Kitui akiwa msichana, na tangu nipate akili anauza githeri na chapati langoni. Ploti nzima humwita Mama Mwende, kwa jina la dada yangu mkubwa. Mlango uliotazama wetu ulikuwa wa jirani aliyetengeneza makochi pale stendi ya 56. Tulimwita Fundi. Si Fundi fulani, Fundi tu. Alikaa hapo miaka tisa. Nilipokuwa kidato cha pili alinitengenezea meza ya kusomea kwa mbao zilizobaki za makochi, akaanza kuniita Prof kabla sijafaulu mtihani wowote. Jioni alikula chapati za mama yangu amesimama, mgongo kwenye fremu ya mlango wetu, akilalamika kwamba zimepungua upana.

Kabila lake nalijua. Sitaliandika. Mwaka ule wa uchaguzi makabila yaliandikwa ya kutosha, mengine kwa rangi ukutani.

Nusu ya pili ya mwaka 2007 idara yetu chuoni ilinipeleka Sumatra, Indonesia, kwa utafiti, nikaishi na Waminangkabau kwenye nyanda zao za juu. Nilikuwa nimesoma kwamba kwao nyumba na mashamba ni mali ya wanawake, na mtoto ni wa ukoo wa mama, nikataka kuona kwa macho kama ni kweli au ni stori za vitabu. Ni kweli. Paa za nyumba zao kubwa zimepinda juu pande zote mbili kama pembe za nyati. Mpunga unashuka mlimani ngazi kwa ngazi, na kila ngazi ina maji yanayoakisi mawingu. Kando ya barabara wanaanika magome ya mdalasini, ukipita unanukia pilau bila kupika. Kuna milima miwili, Singgalang na Marapi, na huo wa pili hutoa moshi kama mama mwenye nyumba ambaye hajaamua kukasirika. Nilizunguka kule miezi minne, vijiji, masoko, bonde lenye kuta nyeupe kama chaki. Sijawahi kuona nchi nzuri namna ile, na naichukia kidogo, utaelewa kwa nini.

Nilikaa kwa mwanamke waliyemwita Uni Ros. Uni ni dada mkubwa kwa lugha yao. Siku ya kwanza hakuniuliza natoka nchi gani. Aliniuliza jina la mama yangu. Nikamwambia ni Syombua. Akalirudia mara tatu, akaniuliza la babangu pia, halafu akasema hilo anaweza kulisahau bila madhara, na wanawake wote jikoni wakacheka.

Mwezi wangu wa pili kule, mzee mmoja mchuma mdalasini alipotea msituni. Nilidhani watapiga simu polisi. Wanawake walibeba masufuria na miko, wakasimama ukingoni mwa msitu, wakapiga na kuita. Hawakumwita kwa jina lake. Walimwita mtoto wa fulani, jina la mama yake aliyekufa zamani. Uni Ros alinieleza kwamba msitu una watu wake, bunian, wasioonekana. Hawali mtu. Wanamkaribisha tu, katika mahali anapopatamani, wanampa chakula, na akila anasahau njia. Jina lake mwenyewe halimfikii tena. La mama yake linafika. Utawatambuaje? Akagusa kile kijifereji kilicho kati ya pua na mdomo wa juu. Wao hawana, alisema. Pale kwao ni laini kama yai.

Mzee alitoka jioni, miguu imejaa tope. Daftarini niliandika: alisikia kelele, akafuata kelele. Bado nina daftari hilo.

Kisha kura zikapigwa huku kwetu, matokeo yakatangazwa, nchi ikawaka. Nilipata ujumbe mmoja kutoka kwa mama: tuko ndani, usipige. Nikapiga. Simu haikushika, siku mbili. Siku ya tatu nikaamua kwenda mji mdogo ulio nyuma ya mlima, penye cyber ya intaneti. Uni Ros aliniambia nizunguke kwa barabara, kwa sababu ukungu ulikuwa unashuka na njia ya msituni si ya kupita saa hiyo. Nikamwambia ukungu ni mvuke tu. Nikapita msituni.

Ilikuwa kama saa nane mchana. Ukungu ulinifunika hadi nikawa sioni viatu vyangu. Nikaendelea kupanda, na kitu cha kwanza kilichonifikia kilikuwa harufu. Si mdalasini. Vitunguu vinakaangwa kwa mafuta ya mgando, kama jioni Gatina. Halafu nikasikia redio. Halafu nikaona kamba ya nguo, mitungi ya maji ya buluu, na lango letu la bati lenye tundu alilotoboa Mwende kwa baiskeli.

Niamini. Nilisimama nikajipiga kofi. Lango lilibaki pale pale.

Ndani ploti yote ilikuwa imekaa chini uani, wanakula. Mama wa chumba cha nne na mama wa chumba cha tisa, ambao hawajasalimiana tangu kesi ya maji, walikuwa wamelaza watoto kwenye leso moja. Na mwenye ploti, mzee ambaye hajawahi kukaa chini na wapangaji tangu nizaliwe, alikuwa ameketi kwenye kigoda akimenyea mtu chungwa. Hapo ndipo nilipoanza kuogopa. Hayo mengine ningeweza kuyaeleza.

Waligeuka wote wakanitazama kwa upole, na chini ya pua zao hapakuwa na kitu. Laini kama yai.

Mmoja alinipa chapati. Ilikuwa ya moto. Mkono wangu ulishaifikisha mdomoni, sijui hata uliipokea lini.

"Usile hiyo, Prof."

Alikuwa amesimama mgongo kwenye fremu ya mlango wetu. Vumbi la mbao lilikuwa kwenye nyusi zake. Mguu mmoja ulikuwa na kiatu, mwingine mtupu. Nilimtazama mdomo wa juu. Kijifereji kilikuwepo, na tone la jasho ndani yake.

"Fundi, unafanya nini huku?"

"Mimi nilikula," akasema. "Nilifika na njaa, wakanikaribisha, nikala. Ni watu poa. Hakuna mtu ameniuliza jina." Alitazama kiganja chake kama anasoma. "Nikitaka kutoka nje ya gate, nasahau nilikuwa nimesimama kwa nini. Ambia nyumbani wanipigie sufuria. Mathe wako anajua kupiga kelele."

Alicheka kidogo. Nikacheka pia, Mungu anisamehe, kama yuko.

Wakati huo huo, mbali sana chini yetu, nikasikia chuma kikigonga chuma, na sauti ya Uni Ros ikiita mtoto wa Syombua. Sijui nikuelezeje. Jina hilo lilikuwa kama kamba imefungwa kifuani mwangu na mtu ameivuta. Niliangusha chapati nikakimbia. Nilipita chini ya kamba ya nguo, nikapita langoni, nikaanguka kwenye matope ya shamba la mpunga mbele ya wanawake kumi na moja wenye masufuria.

Nilidhani nimekaa huko nusu saa. Ilikuwa kesho yake, jioni.

Sasa nisikilize vizuri. Uni Ros aliponifuta uso, swali lake la kwanza lilikuwa kama nimeona mtu mwingine kule. Nikasema ndiyo. Akauliza, wa mama gani? Na mimi ninayeuliza kila mtu kila kitu, niliyemhoji mchungaji, niliyejaza madaftari matatu kwa maswali kuhusu mama za watu wengine, sikuwa nimeuliza. Miaka tisa kule Gatina sikuuliza. Uani pale, akiwa mbele yangu akiomba, sikuuliza. Niliitwa, nikaenda.

Wiki hiyo simu ilishika. Mama alikuwa mzima. Nikamuuliza Fundi yuko wapi. Akasema Fundi ameenda kwao. Nilishika jibu hilo kwa mikono miwili. Kama yuko kwao, basi nilichoona ni uchovu na wasiwasi, na mimi bado ni msomi. Sikumwambia lolote. Daftarini niliandika: njozi, sababu ni hofu.

Nilirudi Kenya mwezi wa Februari. Kwenye chumba cha Fundi alikuwa anakaa mtu mwingine, kijana mpole, amejaza makreti ya soda. Nikaingia kwetu, nikainama kuingiza begi chini ya kitanda, na mkono wangu ukagusa kiatu. Kimoja. Nilijua cha mguu gani kabla sijakivuta.

Mama aliketi kitandani, akanieleza akitazama ukuta. Jioni ile vijana waliingia na rungu, wengine wa hapo hapo Gatina, ploti nzima inawajua. Walisimamisha kila mwanamume uani wakamuuliza jina lake la tatu, lile la baba, linaloonyesha kabila. Fundi aliwaambia la kweli. Wakati wanabishana, alikimbia hadi mlangoni kwetu akagonga. Alisema, Mama Mwende, fungua. Mara mbili alisema hivyo. Mama alikuwa amekaa pale pale alipokaa sasa, mkono mdomoni. Asubuhi alifungua, akakuta kiatu.

Nilimwambia yangu. Sikutarajia aamini, ni mtu wa kanisa. Aliniuliza swali moja tu, kama Fundi alikuwa amekonda. Kisha akasema twende tukatafute jina la mama yake.

Ploti nzima tuliuliza. Hakuna aliyejua. Wenzake wa 56 walijua namba yake ya simu, timu yake ya mpira, bei yake ya kochi la watu watano. Jina lake lenyewe walibishania. Lakini alikuwa na dada Kibera, mwenye saluni karibu na reli, upande ule ukiinua macho unaona magorofa ya Nyayo Highrise. Alishakuja Gatina mara mbili kumtafuta ndugu yake, na mara zote mbili mama alimwambia hajui.

Tulimkuta anasuka mteja. Alitusikiliza bila kusimamisha vidole. Nilisimulia yote, mara yangu ya kwanza kumsimulia mtu baki, na kadiri nilivyoendelea ndivyo nilivyojisikia mjinga.

"Umeona bro yangu Indonesia," alisema.

"Ndiyo."

"Alienda na ndege ama na miguu?"

Akashika fungu lingine la nywele.

"Na picha ulipiga? Wewe si umesoma?"

Ni maswali ambayo mimi ningeuliza. Mteja alicheka ndani ya pua, halafu akaona uso wa msusi kwenye kioo, akaacha.

Mama akasema, mwanangu, hata kama huamini, tupe tu jina la mama yenu. Ni kuita tu.

Dada yake Fundi akaweka kitana chini. Hakupaza sauti. "Nimetembea mochwari zote, mama. Nimefunua watu. Wale walikuja kwa ploti yenu walitaka jina la babake, akawapa. Sasa nyinyi mnataka la mamake. Hilo halitoki hapa." Akamtazama mama yangu kwa muda mrefu. "Na yeye alikuita jina gani, siku hiyo?"

"Mama Mwende."

"Ulisikia?"

"Nilisikia," mama akasema.

Akachukua kitana, akaendelea kusuka. Tulirudi Kawangware kwa miguu.

Hadi leo Fundi hajapatikana, mzima wala maiti. Niliacha masomo ya uzamili. Sikuweza tena kuketi mbele ya mtu na daftari nikimwuliza anaamini nini. Watu wakinisalimia, kabla ya kitu chochote macho yangu hushuka juu ya midomo yao, na wengine huona, wakadhani nina dharau. Uni Ros aliniandikia mara moja, akiuliza kama yule mwenzangu ameitwa. Sikujibu.

Na mama? Kila jioni githeri ikiisha, anasimama langoni na ile sufuria kubwa, anaipiga kwa mwiko, anaita, "Fundi! Fundi!" Hana jina lingine la kuita. Wateja wanadhani anatangaza chakula, wanakuja na mabakuli. Na kwa kuwa Kawangware ina mafundi wengi, hakosi mmoja wa kusimama na kugeuka na kumuuliza, "Mama, unaniita mimi?"

Huamini? Sawa, usiamini. Lakini leo, kabla hujalala, gonga mlango unaotazama wako umuulize aliye ndani mama yake anaitwa nani. Atakushangaa. Muulize hivyo hivyo, na ukumbuke alichosema. Mimi nilikuwa na miaka tisa ya kuuliza, na hatua chache za ua kati yetu.